Mhogo Mchungu wa Mwisho wa Dunia

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja na mvua hii. Najua kuna waliotoka mtaa wa Nyalenda viatu mkononi.

Nimeitwa nizungumze juu ya vitabu viwili ninavyoviandika kwa wakati mmoja. Kimoja ni riwaya: familia ya watu sita inahama Kisumu kwa miguu baada ya serikali, umeme na pesa za simu kutoweka. Cha pili ni cha mapishi ya huku kwetu Magharibi mwa Kenya, chakula kisichompeleka mtu kliniki ya sukari. Nilidhani ni kazi mbili mbalimbali.

Riwaya ilinijia usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima. Mtakumbuka. Simu yangu ilikuwa imebaki na chaji asilimia nne, na pesa zangu zote zimo humo humo. Nikawasha mshumaa nikaanza kuandika. Sura ya kwanza wakatoroka, ya pili wakaibiwa, ya tatu wakavunja supamaketi wakabeba maharagwe ya mikebe.

Nikamsomea senje wangu, yaani shangazi, anayekaa upande wa Busia. Alisikiliza kimya huku akichambua mboga ya mrenda, kisha akauliza, “Hiyo mikebe ikiisha?” Nikanyamaza. Akaendelea: “Watu wako wametoka Maseno wakafika Butere, wamepita mashamba yote yale, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuchuma kunde.”

Niliona haya. Nilikuwa nimetaja bunduki za aina tatu na sikutaja mboga hata moja. Huo ni mwisho wa dunia ulioandikwa na mtu anayeletewa chakula mezani.

Basi nikaivunja sura ya nne. Sasa familia inafika kwenye boma lililohamwa, nyuma yake kuna shamba zima la mhogo. Watoto wanashangilia. Baba anang'oa, anamenya, anaonja: mchungu. Nyanya anamwambia auteme. Mhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na kuuchemsha tu hakutoshi. Humenywa, ukaanikwa kidogo, ukarundikwa na kufunikwa siku tatu nne mpaka ufanye ukungu. Kisha ukungu unakwanguliwa, mhogo unapondwapondwa na kuanikwa ukauke kabisa ndipo usagwe. Ni kazi ya kama wiki moja. Wale watoto wana siku mbili hawajala.

Sura nzima ni hiyo. Hakuna jambazi. Ni mama mzee aliyekalia rundo la mhogo na fimbo mkononi, anawazuia wajukuu wake mwenyewe wasile.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliua mazao mengine ukabaki mhogo mchungu. Wenyeji walijua kuuandaa tangu enzi za babu zao, lakini njaa haikuwapa nafasi ya kuusubiri ukauke. Zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Na kuna jambo jingine: mwili huiondoa sumu hiyo kwa msaada wa protini, na protini nayo ilikuwa haba. Ndiyo maana kwenye kitabu cha mapishi nimeweka omena, wale dagaa wa ziwani, ukurasa uleule wa ugali wa mhogo na mtama. Sikuiweka kwa ajili ya ladha peke yake.

Hapo ndipo vitabu vilipoanza kuazimana kurasa. Maelezo ya kuanika majani ya kunde yalitoka kwenye mapishi yakaingia safarini. Maharagwe yaliyochanganywa na majivu yasiliwe na wadudu, vilevile.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila cha zamani ni dawa. Musherekha, yale maji ya majivu, hulainisha mrenda upesi na mimi siwezi kuula bila hayo, lakini huua vitamini C. Kumwaga maji ya mnavu ili uchungu upungue ni kumwaga na virutubisho pamoja. Senje huulaza kwenye maziwa, nami namfuata. Wanaotaka sayansi yenyewe wasome kazi za Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapo juu. Alizitafiti mboga hizi wakati wengi bado wakiziita magugu.

Mwezi jana nilimpelekea senje sura mpya. Alinitaka niisome mara mbili. Akasema nyanya yule anamjua, anafanana na mama mkwe wake, ila mtama ameutia mwingi mno, ugali ule utakatika.

Nimepunguza, katika vitabu vyote viwili.