Prado inatoa moshi mweusi mlimani: pima valvu ya EGR kabla hujanunua kitu

Habarini wadau, karibuni tena gereji hapa Arusha. Leo nina Prado ya dizeli, injini ya 1KZ, imeletwa asubuhi na mzee mmoja ambaye kila wiki anapandisha ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, sasa analalamika kwamba pale mlimani gari haina nguvu kabisa, inatupa moshi mweusi mpaka aliyeko nyuma haoni barabara. Nikampa shikamoo yake, nikamuuliza mzee umeshafanya nini mpaka sasa, akanijibu, "Mwanangu, wameshanibadilishia nozeli zote nne na hali ni ileile." Imeniuma kwa kweli, sababu hela ya nozeli nne, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, sio ndogo, na bolti za hii kitu ninayowaonyesha hapa bado zina kutu ya siku nyingi, yani hakuna aliyeigusa.

Hii ndio valvu ya EGR. Inachukua moshi kiasi kutoka ekzosi inaurudisha kwenye njia ya hewa, ili joto la kwenye silinda lisipande sana, maana joto likipanda sana ndio zinatengenezwa zile gesi za naitrojeni zinazochafua hewa. Inafunguka injini ikishapata moto na unaenda taratibu, ukikanyaga mafuta mpaka chini inatakiwa ifunge, injini ipate hewa safi yote. Ikinasia wazi sasa, wewe unakanyaga, dizeli inamwagwa nyingi, lakini nafasi ya hewa imekaliwa na moshi, dizeli haiungui ikaisha, ndio huo weusi mnaouona. Na sisi hapa mjini tu tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi tayari, gari haina hewa ya kupoteza. Ikinasia imefungwa ni habari nyingine, injini ya petroli inaweza kutoa mlio wa kugonga-gonga ukiipa mzigo, ya dizeli mara nyingi unaishia kuona taa ya cheki injini tu.

Tuanze. Gari iwe nje, sio ndani ya banda limefungwa, huu moshi unaua. Weka hendibreki na mawe kwenye tairi. Kwanza fungua ea klina. Usiruke hapa jamani, na vumbi la barabara zetu, ea klina iliyoziba inatoa moshi mweusi uleule. Hii ni safi, sawa, tunaendelea.

Washa injini iache ipate moto mpaka geji ya temprecha ikae katikati. Sasa huu mpira mwembamba unaokuja juu ya valvu ndio wa vakyumu, yani mvuto wa hewa unaoifungua valvu, ufuate kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho, ukunje kidogo kidogo, uone kama una ufa. Mpira wa hela ndogo tu unaweza kumfanya mtu anunue valvu nzima.

Chomoa huo mpira, uzibe mdomo wake na bolti ndogo. Chukua pampu ya mkono ya vakyumu, kama huna nenda duka la dawa za mifugo ununue sirinji kubwa, unganisha kwenye valvu na kipande cha mpira, injini ikiwa sailensi, yani inaunguruma taratibu yenyewe, usikanyage mafuta. Vuta. Sikilizeni... mmesikia mlio? Haujabadilika hata kidogo. Valvu nzima ukiivuta hivi injini inabadilika sauti, inatetemeka, ya petroli inaweza kuzima kabisa. Isipobadilika, ama kile kiwambo cha mpira cha ndani, kinachovutwa na vakyumu, kimechanika, ama njia imeziba, ama ilikuwa wazi tangu mwanzo. Lakini angalieni mshale wa geji ya hii pampu, umekaa palepale haushuki, kwa hiyo kiwambo ni kizima. Tumebaki na mawili.

Zima, subiri ipoe, msiwe na haraka na ekzosi. Legeza bolti za bomba la EGR, kata bati la chuma kwa umbo la gasketi lakini bila tundu la katikati, lipachike hapo ufunge. Bati la chuma nasema, sio la kopo la soda, lile litayeyuka. Hii ni ya kupima tu, sio matengenezo, kuna watu wanaliacha humo maisha, mimi siungi mkono, unatibu gari unawapa wenzako hewa chafu. Nimeipeleka barabara ya Namanga, toka Sakina kupandisha mpaka Ngaramtoni, gia ya tatu, mafuta chini, na imepanda, moshi umepungua sana. Basi hapo ndio nina uhakika valvu imenasia wazi, kabla ya hapo nilikuwa nakisia kama waliobadilisha nozeli.

Sasa tunaifungua. Vaa glavu na barakoa, haya masizi sio ya kuvuta. Oneni wenyewe, tundu linaloingia kidole gumba limebaki la kuingia penseli. Haya sio masizi makavu, yamechanganyika na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini yakawa kama lami, na hapa ukucha huu wa masizi umekaa kwenye kiti cha valvu, pale inapokalia ikifunga, ndio unaizuia isifunge. Kwangua na kijiti cha mbao au plastiki, usitumie bisibisi utachubua kiti, afu kabureta klina na brashi ya meno, ila usipulizie upande wa kiwambo, itakula mpira. Na menifodi, yani njia ya kuingizia hewa kwenye injini, safisha gari ikiwa imezimwa, ziba njia na kitambaa vipande visidondokee ndani.

Ukimaliza pindua valvu, mimina dizeli kidogo juu ya kiti, hesabu mpaka 30. Haijavuja hata tone, inafunga. Ingekuwa inavuja baada ya kusafishwa ndio ungeenda dukani.

Wenye gari mpya zenye EGR ya umeme, piga mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwanza: P0401 moshi unapita kidogo, P0402 unapita mwingi, P0403 ni umeme, hapo kamata mita upime waya na soketi, usikimbilie kusafisha.

Nimetoa bati, gasketi mpya, mpira umerudi. Nimevuta tena pampu, sikilizeni mlio wa sasa... unaona inavyotetemeka? Nimeachia, imetulia hapohapo. Mzee kesho anapandisha Karatu.