Chupa ya Kahawia na Mvua ya Kwanza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nimekuja kuomba msaada wenu tupime masizi yanayoingia kwenye maji yetu.

Jirani akichoma nyaya apate shaba, tunafunga madirisha. Moshi ukipita tunafungua, tunasema umekwenda zake. Masizi yake yametua kwenye mabati, barabarani, mitaroni. Vuli ikipiga, yanateremka yote. Na mitaro ya Vingunguti, Tabata na Kigogo inamwaga wapi? Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam.

Ndani ya masizi mna jamii ya kemikali ziitwazo PAH. Huzaliwa mkaa, dizeli, tairi au takataka zikiungua bila hewa ya kutosha. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliona wafagia dohani wakipata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Leo benzopairini, iliyo kali katika jamii hiyo, imewekwa kundi la 1: inasababisha saratani kwa binadamu. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango chake kisichozidi mikrogramu 0.7 kwa lita. Gawanya gramu moja vipande milioni moja, hujafika hata kipande kimoja.

Kwa kiasi kidogo hivyo, uchotaji ndio kila kitu. Nilipokuwa najifunza kazi hii ya kupima maji nilichota Msimbazi mwezi wa Agosti, jua kali, kwa chupa ya plastiki, nikayachuja maji yapendeze. Karatasi ya majibu ikarudi kutoka maabara: hakuna kitu. Nikawasomea wananchi. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa mwanangu, haya meusi yanayobaki chini ya ndoo ni nini?"

Swali lile liliniuma, maana jibu lilikuwa humo humo ndooni. Benzopairini haipatani na maji, inang'ang'ania tope. Nilipochuja, niliitupa pamoja na chujio. Iliyobaki ikaganda kwenye plastiki. Ndiyo maana nimeshika chupa hii ya kioo, ya kahawia, kwa sababu mwanga nao huzivunja kemikali hizi. Na msiisuuze kwa maji ya mto kama tulivyozoea, zitashika kwenye kioo kabla hujajaza. Chota maji na tope lake, funika, weka kwenye barafu.

Maabara ikilinganisha fluoranthini na pairini, PAH mbili za jamii hiyo hiyo, inaweza kukuonyesha kama ni mafuta yaliyomwagika au ni kitu kilichoungua. Hapo unajua uende kuzungumza na fundi wa gereji au na mchoma taka.

Visima navyo tusivisahau. Kemikali nzito nyingi hunaswa na udongo, lakini nyepesi kama naftalini, ile ya vidonge vya kabatini, huyeyuka na kushuka. Mchanga wetu hauzuii sana, na mabondeni maji yako karibu. Kisima kifupi jirani na jalala kipimwe masika na kiangazi, mara moja haitoshi.

Vuli huanza Oktoba. Nahitaji watu wanaokaa kando ya mto, watakaotoka mvua ya kwanza ikianza tu, kwa sababu ukingoja kesho yake masizi mengi yameshafika baharini. Lakini nawasihi, mtu asiingie majini. Msimbazi ikijaa inabeba watu. Fungeni chupa kwenye fito, mchote mkiwa ukingoni, wawili wawili.

Chupa ziko mezani pale. Barafu tutaleta sisi.