Kuongeza matabaka ya data kwenye ramani: tunaweka mifongo ya Moshi kwenye QGIS

Habari za saa hizi, karibuni tena. Leo nawarekodia kutoka nyumbani Moshi, kwa hiyo mkisikia bodaboda zinapita hapo nje, nivumilieni.

Kazi iliyo mezani ni hii. Wazee wa kamati ya maji wanataka ramani ya mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba. Nimeshaifuata kwa miguu nikiwa na simu, nikachukua nukta. Tazameni: nukta zangu hizi hapa, zimekaa kwenye weupe mtupu. Ukimwonyesha mzee atakuuliza, "Sasa hapa ni wapi?" Zinahitaji mito, barabara na mipaka ya kata. Hivyo vyote kuna watu wameshavichora na kuviacha wazi tuvitumie. Sisi tunavitafuta na kuvipandisha, kimoja juu ya kingine. Kila kimoja kinaitwa tabaka, au leya kama wengi tunavyosema.

Natumia QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta. Ni ya bure, na inakubali Windows, Mac na Linux. Faili lake ni zito, kwa hiyo lipakue penye waifai, usije ukamaliza bando.

Tuanze na rahisi. Kushoto kuna kidirisha kimeandikwa Browser. Shuka mpaka XYZ Tiles, kifungue, utaona OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, iko tayari. Ibofye mara mbili. Dunia nzima hiyo! Sogeza kwa kipanya hadi kaskazini mwa Tanzania, endelea kukuza mpaka uione Moshi, kipilefti cha mnara wa saa, na reli ile pale. Kumbuka hii ni picha tu, inaletwa vipande vipande kutoka kwenye seva. Intaneti ikikatika, vipande vipya haviji. Na huwezi kubofya mto ukaambiwa jina lake.

Ukitaka mto wenyewe, wenye jina na urefu unaoweza kupimwa, unahitaji data. Nenda menyu ya Plugins, fungua ya kusimamia plagini (viongezeo vya programu), andika QuickOSM, isakinishe. Ifungue. Kwenye sehemu ya Key andika waterway, Value iache wazi ili ikuletee kila aina: mito, vijito, mifereji. Halafu chagua Canvas Extent, maana yake "nitafutie ndani ya eneo ninaloliona tu". Tafadhali usiruke hapo, ukiomba eneo kubwa kupita kiasi utasubiri mpaka chai ipoe. Bonyeza Run query.

Haya, imekuja. Rau ule, Karanga ule kule magharibi. Mifongo yenyewe msitegemee kuiona yote, OpenStreetMap ina kile tu ambacho mtu alijitolea kukichora. Ndiyo maana nilitembea.

Tabaka hili bado ni la muda. Ukifunga programu, limepotea. Bofya kulia kwenye jina lake, Export, Save Features As, chagua GeoPackage (aina ya faili la kutunzia data ya ramani), lipe jina linaloeleweka. Si "mpya2", tafadhali. Na siku utakapochapisha ramani, andika pembeni kwamba data imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Leseni yao inadai hivyo, na ni haki yao.

Mipaka ya kata naichukua kwenye tovuti ya Humanitarian Data Exchange, inayosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu. Tafuta Tanzania, kisha mipaka ya utawala. Kabla hujapakua, soma maelezo: nani ameiweka, na mipaka ni ya mwaka gani. Kata hugawanywa. Mipaka ya sensa ya 2012 si lazima ifanane na ya 2022, na ukiweka ya zamani, diwani atakuwa wa kwanza kukuuliza kata yake imeenda wapi.

Ukishafungua zipu utaona mafaili kadhaa yenye jina moja: shp, shx, dbf, prj. Yote ni shapefile moja, hayatenganishwi. Kuna mtu aliwahi kunitumia ile shp peke yake kwa WhatsApp, akashangaa namwambia haifunguki. Dbf ndiyo yenye majina, prj ndiyo inayosema vipimo vimetumia mfumo gani wa kutaja mahali duniani kwa namba, yaani CRS. Ziweke zote kwenye folda moja, kisha buruta ile shp mpaka katikati ya ramani.

Sasa hapa punguzeni mwendo, maana ndipo nilipoumia. Mwaka mmoja nilipewa tabaka la mifereji lililonakiliwa kutoka ramani za zamani za karatasi. Halikuwa na prj. QGIS ikaniuliza ni mfumo gani, nikachagua WGS 84 UTM 37S kwa mazoea, namba yake 32737 (WGS 84 ndio mfumo wa GPS, na 37S ni kanda yetu katika mgawanyo wa dunia uitwao UTM). Likatua Moshi vizuri kabisa, nikafurahi, nikachapisha. Mzee mmoja akaitazama, akasema, "Mfongo huu haujawahi kupita kanisani." Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimetumia mfumo wa Arc 1960, na ukizisoma kama WGS 84, kila kitu kinahamia kaskazini karibu mita 300. Yaani mifereji yangu yote ilikuwa imepanda mlima kidogo! Kosa la kilomita elfu ungeliona papo hapo, lakini la mita 300 linakaa kimya.

Kwa hiyo kila tabaka jipya nalipima kwa kitu ambacho hakihami. Hapa Moshi natumia reli na madaraja. Nakuza hapo mto unapokatana na reli, naangalia kama mto wa tabaka jipya unapita chini ya daraja lile lile lililo kwenye ramani ya chini. Ukipita pembeni, bofya kulia kwenye tabaka, Layer CRS, Set Layer CRS, jaribu 21037, ndiyo Arc 1960 ya kanda yetu ya 37 kusini. Arusha nako ni kanda hiyo hiyo. Mnaona? Umerudi darajani.

Angalizo: hapo tumeiambia programu ukweli kuhusu namba zilizopo, hatujazibadilisha. Ukitaka namba zenyewe ziwe za WGS 84, rudi kwenye Export uhifadhi nakala mpya kwa 32737.

Mwisho panga matabaka: nukta za mifongo juu, mito chini yake, kata, halafu picha ya OpenStreetMap chini kabisa. Bonyeza Ctrl na S. Faili hilo la mradi linakumbuka tu data iko wapi, halina data ndani yake. Ukimpelekea mwenzako kwa flashi, mpe folda nzima.