Kola, akili na maumivu: neno "smart" na matumizi yake

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu, hamjambo.

Wengi wenu mmetoka Tanzania, Kenya na Kongo kuja kusoma hapa Kampala. Naamini siku ile mliyovaa shati lililopigwa pasi likanyooka, kuna mtu aliwaambia: "You are smart." Ukashukuru kwa kusifiwa akili, kumbe mwenzako anaangalia kola.

Hapa Uganda sentensi hiyo ni ile "onyumye" ya Kiganda: umependeza. Mwenye akili ni "mugezi", na mtu wa hapa akitaka kumsifu hivyo kwa Kiingereza, mara nyingi atasema "clever" au "bright". Nimesikia wageni wakicheka kwamba hicho ni Kiingereza kibovu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Uganda ilitawaliwa na Waingereza kuanzia 1894 hadi 1962, na Mwingereza mwenyewe amekuwa akiita mavazi nadhifu "smart" tangu karne ya 18. Maana ya akili nayo ni ya zamani, ila Wamarekani ndio walioishikilia ikawa ya kwanza vinywani mwao, kisha filamu na intaneti zikaisambaza. Anayecheka amezoea Kiingereza cha Marekani tu, hana zaidi.

Asili ya neno lenyewe si nguo wala akili. Ni maumivu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kuuma, kuchoma, na ndugu yake wa Kijerumani, "Schmerz", mpaka leo ni maumivu. Kitenzi bado kipo: umekata kitunguu, macho yanakuwasha, unasema "my eyes are smarting". Mtoto amekwaruzika goti, unampaka spiriti, anaruka: "It smarts!"

Sasa maumivu yalifikaje kwenye akili? Mswahili hahitaji kuelezwa sana. Kwetu pilipili ni kali, kisu ni kikali, na mwanafunzi naye ni mkali wa hesabu. Kiingereza kilipita njia hiyohiyo: kutoka kinachochoma hadi kilicho kikali, kisha mtu mwepesi, ulimi mwepesi, fikra nyepesi. Kwenye wepesi huohuo ndipo walipochomoza watu wakakamavu, waliovaa wakavalika. Ndiyo maana "a smart pace" ni mwendo wa haraka. Hakuna suti hapo.

Basi ukilikuta, tazama limeshikana na nini. Likifuata "look", karibu kila mara ni mavazi: "You look smart." Likikaa na uamuzi, swali au hatua, ni akili: "a smart decision", "a smart question". Likikaa na viatu au koti, ni unadhifu, na Waingereza husema pia "a smart restaurant", mkahawa wa wenye nazo.

Linapokaa na mtu peke yake ndipo linapotatiza. Chukueni mwalimu wa hapa anayemwandikia mwanafunzi barua ya kumpendekeza chuo cha Marekani: "She is a smart girl." Yeye amekusudia kuwa binti ni msafi, sketi imenyooka, nywele zimekatwa vizuri. Msomaji wa kule anaelewa kwamba darasani binti ni moto. Mkigeuza, Mmarekani amsifu kijana hivyo kwa mwajiri wa hapa, sifa yote itaishia kwenye viatu. Ushauri wangu: kwenye barua rasmi liacheni. Andikeni "intelligent" kama ni akili, "neat" au "well dressed" kama ni mavazi. Na msilibadilishe ovyo kwa "wise". Hiyo ni hekima, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa na akili kali bila kuwa na hekima yoyote.

Sarufi yake haina mengi. Tunasema "smarter" na "smartest", si "more smart". Katika maandishi rasmi ni "smartly dressed", si "dressed smart".

Kuna vifaa pia. "Smartphone" tumeiita simu janja, jina ambalo kwa kweli halinikai vizuri, maana mjanja kwetu mara nyingi ni yule unayehesabu chenji mara mbili ukinunua kwake. Lakini limeshika, na lugha haiombi ruhusa yangu.

La mwisho, hasa kwa mnaofundishwa na wageni. Mhadhiri akikuambia kwa sauti ya chini "Don't get smart with me", usiseme asante. Hajasifu nguo wala akili. Anakuambia usimletee ujuaji.