Mzigo Haupotei Njiani, Hupotelea Mikononi

(Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo wanaouza na kununua mtandaoni, Mwanga, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, habari za asubuhi. Naona wengine mmekuja na mizigo yenu kabisa, mkitoka hapa mnapitiliza stendi Masanga. Vizuri, maana hiyo hiyo mizigo ndiyo tutakayoizungumzia.

Liemba tunaifahamu wote. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafumuliwa, vipande vyake vikafungwa kwenye masanduku 5,000, yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati ambayo ilikuwa imefika hapa kwetu mwaka 1914. Yakashushwa hapa Kigoma, vipande vikaungwa upya, na mwaka 1915 meli ikaingia ziwani. Ilikuwa meli ya wakoloni, iliyoletwa kwa mambo yao, siisifii kwa hilo. Nataka mtazame jambo moja tu: masanduku 5,000, kutoka Ulaya mpaka ufukwe huu, bila simu ya mkononi, na meli ikaelea. Leo mama anaagiza boksi moja la viatu kutoka Kariakoo, ana simu, ana WhatsApp, ana namba ya konda, na boksi halifiki. Kwa hiyo tusiusingizie umbali.

Mimi nilikaa miaka minne ndani ya ofisi ya mizigo ya basi moja pale Dar, nyuma ya dirisha, nikiandika risiti. Sasa ni mwaka wa sita niko hapa nyumbani, nauza dagaa na mawese kwa simu, wateja wangu wako Dodoma, Arusha na Dar. Nimekaa pande zote mbili za dirisha. Na nawaambia nilichokiona: basi haliangushi boksi pale Kaliua likaendelea na safari. Mzigo hupotea pale unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hebu hesabuni. Muuzaji wa Kariakoo anampa bodaboda. Bodaboda anampa karani. Karani anampa kijana wa kupakia. Kijana anamwonyesha konda. Konda anashusha ofisi ya Kigoma. Ofisi inampa bodaboda wa huku, na bodaboda anakuletea wewe Gungu au Ujiji. Mzigo umepita mikono mingapi? Na kila mkono unadhani mkono uliotangulia umeandika kila kitu sawasawa.

Siku moja ofisini yaliletwa maboksi mawili, ukubwa mmoja, yote ya Kigoma, na yote yameandikwa "Mama" wa mtoto fulani, jina lile lile. Moja lina vitenge, jingine lina vipodozi. Namba za simu ziliandikwa kwa kalamu ya wino juu ya selotepu. Mnajua wino wa kalamu juu ya selotepu unavyokuwa? Ukipitisha kidole umekwisha. Vijana wakapakia, maboksi yakasuguana na magunia usiku kucha, na yalipofika huku hakuna namba hata moja inayosomeka. Aliyewahi stendi akachukua la kwanza aliloliona lina jina lake. Hakuiba, jamani. Jina ni lake! Yule mwingine akakuta boksi la mwenzake, akalikataa, na ugomvi ule ulichukua wiki tatu kuisha. Mimi ndiye niliyeandika zile risiti. Niliandika jina kama nilivyotajiwa, sikuuliza jina la pili. Mpaka leo linanisumbua, kwa sababu kuuliza kungenichukua dakika moja.

Kwa hiyo andikeni kwa maka peni, juu ya boksi lenyewe, halafu selotepu ipite juu ya maandishi. Andika pande mbili, upande wa juu na ubavuni, maana boksi likipangwa chini ya mengine juu hapaonekani. Jina liwe lile la kwenye kitambulisho, majina mawili au matatu, si Mama Nani wala jina la dukani. Namba mbili za simu, moja ya mpokeaji, nyingine ya mtu wa karibu yake, maana simu huzima chaji. Kisha chukua karatasi, andika yale yale, iweke ndani. Karatasi ya ndani watu wanaidharau, lakini boksi likichanika au likilowa, ndiyo inayobaki kusema mzigo ni wa nani. Nimeona maboksi yasiyo na mwenyewe yakikaa stoo miezi, kumbe mwenyewe yuko Kasulu analia.

Risiti ndiyo inayoniuma zaidi, mnivumilie nikae hapo kidogo.

Watu wengi wakifika dirishani wakiulizwa "ndani kuna nini?" wanajibu "nguo". Simu, wanasema nguo. Spea ya pikipiki, nguo. Naelewa kwa nini: unaogopa ukisema simu utatozwa zaidi, au kijana wa kupakia atapata tamaa. Lakini siku simu ya laki nne ikipotea, utakwenda pale dirishani na risiti inayosema "nguo", sehemu ya thamani iko wazi, na karani atakuuliza kwa upole kabisa, nguo gani za laki nne? Hana kosa. Wewe ndiye uliyemwambia. Sema kilichomo, taja thamani, hakikisha vyote vimeandikwa, kisha soma na yale maandishi madogo ya chini au ya nyuma ya risiti. Risiti nyingi nilizowahi kuandika zilikuwa na mstari unaosema mzigo usiotajwa thamani kampuni itaulipa kiasi fulani tu, au haitaulipa kabisa. Kama unaogopa kijana wa kupakia, dawa yake ni kufunga vizuri na kutumia ofisi yenye leseni. Huduma za vifurushi zinapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na cheti una haki ya kuuliza kiko wapi. Kumpa konda mkononi "unifikishie tu, kaka" ni rahisi, ni haraka, na hakuna karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema.

Sasa nije kwa sisi tunaotuma kutoka huku. Mwaka wangu wa pili wa biashara nilituma madumu sita ya mawese Dodoma. Nilijaza alfajiri, kibaridi cha ziwani, mawese yameganda mazito kama uji wa mgonjwa. Nikajaza mpaka mdomoni, nataka mteja aone sikumpunja. Mchana juani, ndani ya buti la basi, mawese yakayeyuka yakatanuka. Dumu moja likasukuma mfuniko. Yalimwagikia vitenge vya mama mmoja aliyekuwa anapeleka Singida, vitenge vipya, doa la mawese mnalijua, halitoki. Nilimlipa. Kampuni ya basi ilisema si kosa lake, na kwa kweli halikuwa lake.

Tangu siku ile nayayeyusha kwanza, nayajaza yakiwa majimaji, naacha nafasi ya vidole vitatu juu. Chini ya mfuniko naweka nailoni mara mbili, nakaza, nafunga selotepu kuzunguka shingo. Dumu naliingiza kwenye kiroba, nakishona. Dumu la lita 20 naliandika "JUU" kwa mshale. Dagaa nao wawe wakavu kweli kweli, waliokauka mpaka wanapasuka ukiwakunja, maana wakifungwa na unyevu, kiroba kikifika Arusha harufu yake imeshakupotezea mteja. Pimeni kwenye mizani huku mnapiga picha, kilo zionekane, na picha ile mtumieni mteja kabla kiroba hakijatoka nyumbani.

Picha zangu ni tatu kila oda: bidhaa kabla ya kufungwa, boksi lililofungwa likionyesha maandishi, na risiti ya basi. Zinakwenda kwa mteja saa ile ile. Na wewe unayepokea, ukifungua, washa video boksi likiwa bado limefungwa, onyesha jina na selotepu, kisha fungua bila kuikata video mpaka kitu cha mwisho kitoke. Video inayoanza boksi likiwa limeshafunguliwa haimsaidii mtu, muuzaji atasema umebadilisha. Tena ukilikuta limechanika pale stendi, usilibebe. Lifungulie pale pale mbele ya karani, na kilichopungua kiandikwe kwenye karatasi yao kabla hujasaini. Ukishasaini ukaondoka, umekubali kwamba umepokea mzigo mzima.

Kuna swali linalozua ugomvi kuliko yote: mzigo ukipotea, hasara ni ya nani? Wauzaji wengi wanasema, "Mimi nimeshautuma, mambo mengine ni yako na basi." Wanunuzi wanasema, "Sijapokea, nirudishie hela." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mkikubaliana mzigo usafirishwe, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji kwa kawaida anahesabiwa amemkabidhi mnunuzi, ila kama mmepatana vingine. Wauzaji msishangilie. Sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji apatane na msafirishaji kwa namna inayofaa kulingana na mzigo wenyewe. Ukituma simu kwa risiti ya "nguo", au ukampa konda mkononi, na ikapotea, mnunuzi ana haki ya kukwambia hujanikabidhi.

Lakini yale maneno "mmepatana vingine" ndiyo yatakayotuokoa. Msisubiri mahakama. Kabla hela haijatumwa, andikianeni ujumbe mmoja. Wangu uko hivi: "Dagaa kilo 10, bei hii, nauli ya basi unalipa wewe. Nitatuma kesho kwa basi fulani. Mzigo ukipotea kabla haujafika ofisi ya basi ya mji wako, hasara ni yangu. Ukikaa ofisini zaidi ya siku tatu hujauchukua, ni yako. Ukubali kwa kuandika Ndiyo." Mteja anaandika Ndiyo, nami nampa lipa namba yangu, jina la biashara analiona kabla hajaweka namba ya siri. Najua hasara ya njiani ni mzigo mzito kuubeba. Nimeamua kuubeba kwa sababu mteja wa Arusha hanioni, hajui mwalo wetu wa Kibirizi uko wapi, na kama simbebei yeye woga wa kwanza, hataagiza. Wengine mnaweza kupatana kugawana nusu kwa nusu. Kubwa ni kwamba ijulikane kabla.

La matapeli nitalipitia haraka, mnalijua. "Ile hela tuma kwenye namba hii" sasa imevaa nguo mpya. Unapigiwa: "Mzigo wako umefika, umezuiliwa, tuma elfu ishirini tuutoe." Wanajua una mzigo kwa sababu ulituma risiti kwenye grupu la watu 200, namba zote zinasomeka. Risiti mtumie mteja peke yake. Ukipigiwa hivyo, kata, piga namba ya ofisi iliyochapishwa kwenye risiti yako. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Na mzigo usipofika? Siku ile ile, si wiki ijayo. Anzia ofisi uliyokabidhi, peleka malalamiko kwa maandishi, bakiza nakala yenye saini au mhuri wao. Maneno ya dirishani hayana ushahidi. Wasipokujibu, nenda TCRA. Kama muuzaji amekuuzia kitu kingine kabisa, hilo linaingia Tume ya Ushindani, FCC. Wanaoagiza China kupitia posta, angalieni namba ya ufuatiliaji: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi, CN kwa China, TZ kwa kwetu. Namba isiyo na umbo hilo si ya posta, usiipeleke dirisha la posta ukagombana nao bure. Na kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, madai ya kifurushi hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu kilipotumwa, kwa hiyo muuzaji wa kule akikupa maneno ya "subiri tu", hesabu tarehe zako.

Mama uliyeinua mkono kule nyuma... Anauliza, sisi wa Kagunga je, tusiofikiwa na basi? Swali zuri, na Mwamgongo ni hivyo hivyo. Mama, basi likishusha Masanga, mzigo wako bado una safari ya ziwani, na hapo kwenye boti ndipo hakuna risiti. Msimwachie bodaboda autupe Kibirizi. Wekeni mtu mmoja mjini mnayemwamini, mumlipe kidogo kila mzigo, jina lake ndilo liandikwe kwenye boksi kama mpokeaji, na la kwako chini yake. Yeye achukue, apige picha, afunge nailoni nje kwa ajili ya maji, ampe nahodha kwa jina, na kwenye daftari nahodha aweke saini. Manahodha wa kule mnawajua wote, si ndiyo? Basi mwambieni nahodha wenu leo hii kabla boti haijaondoka, na daftari la kwanza nitawanunulia mimi.