Chupa Mbili, Watu Watatu

Mniwie radhi, narudi palepale: wakili anafunzwa mezani, akikaa na waliomtangulia. Walionisikia mwaka jana wanajua ninachokwenda kusema, na yule wa nyuma ameshaanza kutabasamu.

Zile Inns of Court nne za London, vyama vinavyowaingiza watu kwenye uwakili wa mahakamani, mnazijua, sizielezi. Mimi nataka meza ya chakula ya mojawapo, Inner Temple, enzi za Gandhi, aliyeingia mwaka 1888. Ili uitwe Bar, yaani ukubaliwe kuwa wakili, ulitakiwa kufaulu mitihani na kula. Ndiyo, kula! Mihula 12, na kila muhula uonekane mezani angalau mara sita. Sasa Gandhi nyama hali, divai hanywi, amekaa na mkate wake, viazi vya kuchemsha na kabichi. Lakini wenzake walimgombania! Kila watu wanne walipewa chupa mbili za divai. Kaa na Gandhi, chupa mbili mnagawana watatu.

Wakubwa wa Inn walikuwa na meza yao, na chakula kizuri zaidi. Gandhi na mwanafunzi mwenzake Mparsi, Mhindi wa asili ya Uajemi, wakaandika ombi wapewe mboga za meza ile. Wakakubaliwa, hata matunda yakaja. Mimi husema hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza kushinda.

Maana ile ya mahakamani ilimshinda! Ameitwa Bar Juni 1891, karudi Bombay, kesi ndogo, ada yake rupia 30. Anasimama kumhoji shahidi, kichwa kinamzunguka, hata swali moja halitoki. Akakaa, akarudisha ada.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, hayo ya zamani." Haya, leo Inn zile zinataka vikao 10, vingine vya mazoezi ya hoja, halafu mwaka mzima chini ya wakili mzoefu. Lakini huyo mzoefu anakaa meza gani, yako au ya wakubwa? Mimi katika uanagenzi wangu, miezi mitatu ya mwanzo nilitoa fotokopi na kufuata chapati. Faili la kwanza kulifungua, nililifungua kwa siri, bosi akiwa msikitini. Msicheke, nanyi mtafuata chapati.

Nilitaka nifike kwa kamati ya Lord Denning, jaji wa Uingereza, ripoti yake ya 1961 juu ya wanafunzi wa sheria wa Afrika waliokuwa wakipelekwa kule, na madarasa yetu ya sheria yaliyoanza Oktoba mwaka huohuo katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, wewe uliyekuwa ukitabasamu, uliza.