Beki wa kati hapimwi peke yake: Adams, Campbell na huyu Saliba

Shikamooni wazee, na nyie vijana mambo vipi. Ndaga fijo kwa kuja na hii baridi ya mwezi wa saba, najua kuna watu wametoka Uyole wameacha chai jikoni ili waje kusikiliza habari za mabeki wa Arsenal, Mungu awaone tu.

Ishu mnaijua. Kila Jumamosi pale Mwanjelwa kwenye banda umiza ubishi ni uleule, wazee wanasema Tony Adams, beki wa Arsenal wa zamani, angemweka Haaland, straika wa Manchester City, mfukoni, vijana wanasema Adams kwa mpira wa saivi angeota kutu benchi. Mi nilicheza namba tano, yaani beki wa kati, mechi za mtaani tu msinipigie makofi, na naona wote mnakosea sehemu moja, mnachukua mtu mmoja mnampambanisha na mtu mmoja wakati beki wa kati hapimwi peke yake, anapimwa na yule aliyesimama naye.

Naomba vijana wanne hapa mbele. Shikeni hii kamba, kila mtu mkono mmoja, ivuteni ikaze. Inasimuliwa kwamba kocha wa Arsenal George Graham alikuwa anawafanyisha zoezi hili mabeki wake wanne, Dixon, Bould, Adams na Winterburn. Sasa wewe mwenye sweta piga hatua moja nyuma... mnaona? Kamba imepinda, na straika kashapita, hapo mtego wa kuotea, ule wa mabeki kupanda pamoja wamwache straika nyuma yao, umekufa. Wale walikuwa wanapanda pamoja, Adams kanyoosha mkono juu anamdai mwamuzi ofsaidi, basi imeisha hiyo. Msimu wa 1990/91 walifungwa mabao 18 kwenye mechi 38 na wakapoteza mechi moja tu. Asanteni, kaeni, kamba muache.

Ila wazee nanyi msitudanganye, sheria zilikuwa zinawabeba. Mpaka 1992 beki akibanwa anamrudishia kipa kwa mguu, kipa anadaka, watu wanapumua. Hiyo ikafutwa. Halafu 2019 ikaja ya goli kiki, kwamba mpira unaweza kupokewa ndani ya boksi hapohapo, ndo maana leo unamkuta Saliba, beki wa kati wa Arsenal wa siku hizi, pembeni ya kipa wake ana mpira mguuni, straika anamjia mbio na yeye katulia tu kama anasubiri daladala. Kwahiyo kazi yenyewe imebadilika, na kumlaumu Adams kwa kitu ambacho hakuna aliyemtuma afanye ni uonevu.

Na nani kasema Adams hajui mpira? Mei 1998, Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, Arsenal wanamfunga Everton 4-0 na kuchukua ubingwa, bao la mwisho Bould kaingia kutokea benchi anapiga pasi mpenyezo, anayeikimbilia ni Adams, kifuani, mguu wa kushoto, wavuni. Mwe! Beki wa kati anamtengea beki wa kati mwenzake.

Sol Campbell na Kolo Toure, mabeki wa kati wa Arsenal waliofuata, nao walitegemeana vilevile. Toure alivyotoka ASEC Mimosas 2002 hakuwa beki wa kati, kocha Wenger ndo akamhamishia pale, akawa ndo mwenye mbio za kufukia mashimo na Campbell ndo ukuta, na ligi ya 2003/04 ikaisha hawajapoteza hata mechi moja.

Sasa wa leo. Aprili 2023 Arsenal wako mbele ya Manchester City kwa pointi nane, ingawa City walikuwa na mechi mkononi. Saliba kaumia mgongo tangu Machi, Gabriel, beki wa kati anayecheza naye, kabaki na mwenzake mwingine. Liverpool 2-2, West Ham 2-2, Southampton 3-3, City wakawapiga 4-1. Gabriel ni yuleyule, kasi ileile, vichwa vilevile, ila hana mtu wake. Msimu uliofuata Saliba kacheza mechi zote 38 na timu ikafungwa mabao 29 tu.

Mi haya yananiuma kwa sababu yalinikuta. Mechi moja huko Tukuyu, mvua, uwanja umekuwa tope la kulimia, namba nne wangu anaumwa wakaniwekea kijana sijawahi hata kufanya naye mazoezi. Nikapanda, yeye akabaki. Mara tatu! Tulikula tatu na njiani kwenye Hiace hakuna aliyeniongelesha.

Haya, mkinibana nichague wawili, nampanga Adams na Saliba. Najua Gabriel kwenye kona ni balaa, waulizeni Tottenham kichwa cha Septemba 2024, lakini Gabriel na Adams wote wanataka kwenda kuukata mpira, na nyuma yao atabaki nani? Mzee pale nyuma mwenye kofia, nimeona mkono, uliza.